UZI: .375, .416 au .458? Kwa anayenunua bunduki moja tu ya nyati, uliza kwanza habari ya teke, ule msukumo wa bunduki begani ukifyatua

#1 NyayoZaAsubuhi (Sakina, Arusha)

Wakuu, kijana mmoja wa Usa River amenifuata pembeni na swali. Amemaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka, anaanza kujifunza kazi chini ya mwindaji bingwa mmoja, mtu anayeongoza wateja wa uwindaji, hapa Arusha, na mjomba wake amekubali kumsaidia kununua bunduki. Bunduki moja. Taratibu za kibali zimekamilika, kilichobaki ni kuchagua kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi, ndizo hizo namba za kwenye kichwa cha uzi. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa ili wenye uzoefu wanisahihishe na wengine wafaidike.

Mimi nimekaa porini miaka 19. Tisa ya kwanza nilikuwa mfuatilia nyayo, natembea mbele ya bunduki za watu. Kumi iliyofuata nimetembea na bunduki yangu begani. Kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwa pande zote mbili za mtutu.

Tuanze na .375 H&H. Kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912. Risasi yake ya kawaida ina kichwa, kile kipande kinachoruka, cha greni 300, yaani gramu 19 na nusu hivi, na kinatoka kwa futi 2,530 kwa sekunde. Nguvu yake ikitoka mtutuni ni futi-pauni 4,200 na ushei. Kanuni zetu za uwindaji zinaanzia hapo kwa wanyama hatari, chini ya .375 hauruhusiwi. Ndiyo maana wengine wanaiona kama ya kuanzia tu, kama gari la kujifunzia. Si kweli hata kidogo.

.416 Rigby ina mwaka mmoja zaidi, ilitoka 1911. Kichwa greni 400, futi 2,370 hivi, nguvu karibu futi-pauni 5,000. Halafu kuna .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, greni 500, na kitabuni inaandikwa futi 2,130. Piga hesabu utaona nguvu yake nayo iko kwenye 5,000 ile ile. Kwenye karatasi hizi mbili ni ndugu. Tofauti inaonekana ukiweka shabaha mbali. Ukiipima .458 ilenge sawasawa kwenye mita 100, ukifika mita 200 kichwa kimeshaporomoka zaidi ya sentimita 20. Ya .375 inaporomoka karibu nusu ya hapo.

Sasa teke. Nimefanya hesabu ya kawaida ya fizikia, uzito wa kichwa na baruti dhidi ya uzito wa bunduki, nikachukulia kila bunduki ina kilo 4.5. Ile .30-06 mliyozoea kupigia swala inarudi na kama futi-pauni 18. Ya .375 inarudi na 36. Ya .458 Winchester 55, .416 Rigby 59, na .458 Lott 69. Hizo ni za makadirio, zinapanda na kushuka kufuatana na risasi na uzito wa bunduki yako. Ila tazameni ngazi yenyewe: kutoka .30-06 kwenda .375 teke limejirudia mara mbili, na kutoka .375 kwenda Lott linakaribia kujirudia tena.

Bega huzoea. Jicho na kidole ndivyo vinavyosumbua, kwa sababu vinakumbuka maumivu kabla bunduki haijalia.

Nina kipimo changu kwa kila kijana ninayemfundisha. Nachukua bunduki yake, nampa mgongo, najaza mwenyewe. Mara naweka risasi hai, mara naweka ganda la mazoezi lisilo na baruti wala fataki. Namrudishia, hajui kilichomo. Analenga, anavuta. Likiwa ganda tupu bunduki inasema "ta!" basi. Hapo ndipo unatazama mtutu. Mtu aliyetulia, mtutu unabaki pale pale ulipokuwa. Mwenye hofu ya teke, mtutu unachovya chini kama kuku anadonoa mtama, bega linasukuma mbele, na macho yote mawili yamefumbwa. Nimemwona mwanamume wa kilo 110, mikono kama mihimili ya nyumba, anachovya hivyo mara tano kati ya sita akiwa na .458 Lott yake mpya. Nikampa .375 yangu, tukaanza upya. Kufikia jioni mtutu ulikuwa umetulia.

Mtutu ukichovya sentimita moja wakati wa kuvuta, kwenye mita 60 kosa limeshakuwa kubwa. Moyo wa nyati uko chini, theluthi ya chini ya kifua, kwenye mstari wa mguu wa mbele. Kichwa kikienda chini kidogo tu ya hapo kinapita kwenye nyama ya kifua au kinavunja mguu. Sasa una nyati aliyejeruhiwa, na anayetangulia kumfuata kwenye kichaka si mteja. Ni mfuatilia nyayo, na mkononi hana kitu zaidi ya fimbo.

Kwa hiyo msimamo wangu: bunduki moja, .375 H&H. Pofu, yule swala mkubwa, kwenye mita 200 inamweza. Chui kwenye chambo inamweza. Ukitia risasi ngumu, ile ambayo kichwa chake hakitanuki kikigonga, unapiga hata swala mdogo bila kumchana ngozi. Nyati ni kazi yake ya kila siku. Tembo pia, mradi uwe na risasi ngumu na ujue unapiga wapi. Hakuna kaliba nyingine yenye mapana hayo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipiga risasi 20 asubuhi moja na bado ya ishirini ikaenda pale pale.

Karibuni.

#2 KiliSoweto (Moshi)

Nimeshaweka kiti. Mkuu endelea kushusha madini.

#3 MzeeWaKijenge (Arusha)

Mdogo wangu umeandika vizuri na hicho kipimo cha ganda tupu ni cha kweli, sisi tulifundishwa hivyo hivyo. Lakini huyu kijana hanunui bunduki ya mteja. Ananunua bunduki ya mtu anayesimama nyuma ya mteja. Hizo ni kazi mbili.

Mteja anachagua wakati. Nyati amesimama ubavu, upepo mzuri, miguu mitatu ya kulengea imeshasimikwa, anavuta akiwa tayari. Mwindaji bingwa hachagui. Yeye anapiga pale mambo yalipoharibika, hatua kumi au pungufu, na mnyama anakuja akiwa ameinua pua. Pale unataka kitu cha kumwangusha au kumgeuza.

Nimefanya kazi Pori la Akiba Moyowosi misimu mingi. Walioingia kule wanajua yale majani, unatembea ndani yake kama uko kwenye shimo. Msimu mmoja tulimfuata dume aliyepigwa nyuma ya mbavu, na kwa saa mbili nzima tulikuwa tunaona damu kwenye majani upande wa kulia tu, kwa urefu wa kiuno. Halafu damu ikaanza kuonekana kushoto. Mfuatilia nyayo wangu akasimama, akanyoosha kidole nyuma yetu. Dume alikuwa amezunguka anatusubiri kwenye njia yetu wenyewe. Alitokea hatua nane, nilizihesabu baadaye. Nilikuwa na .458 Lott, greni 500, risasi ngumu. Ilimpata chini ya mwanzo wa pembe, magoti yakakunjika, akateleza mpaka vumbi lake likanifikia. Sikupata nafasi ya pili na sikuihitaji.

Historia ya Lott yenyewe ni hiyo hiyo. Jack Lott, Mmarekani, alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, na baadaye akatengeneza risasi yenye ganda refu kuliko la .458 Winchester. Ile Winchester ganda lake ni fupi, inchi 2.5, baruti ilikuwa inashindiliwa mno hadi inagandamana, na miaka ile risasi nyingi zilitoka na mwendo mdogo kuliko ulioandikwa kwenye boksi. Lott ina inchi 2.8, inasukuma greni 500 kwa futi 2,300 bila taabu. Na ukikwama porini, bunduki ya Lott inapiga risasi za .458 Winchester pia. Hilo peke yake ni jambo kubwa kwa mtu aliyeko siku mbili mbali na mji.

#4 NyayoZaAsubuhi

Mzee wangu shikamoo. Siwezi kubishana na hatua nane za Moyowosi. Na ni kweli kazi ni mbili, nilipaswa kuitenganisha toka mwanzo.

Ninachoomba tukitazame ni hiki: wewe siku ile ulikuwa umeshapiga Lott risasi ngapi maishani? Kijana huyu atapiga ngapi kabla ya hatua zake nane kufika? Risasi za kaliba kubwa kwenye maduka yetu huja kwa msimu, na zikija bei yake inamfanya mtu ahesabu kila moja. Nimeona vijana wawili, kila mmoja na .458 yake, wameingia kitaluni, yaani eneo la uwindaji, Julai wakiwa wamepiga risasi sita sita tangu wanunue bunduki. Sita! Mwenye .375 aliyepiga 150, tena kwa kusimama bila kuegemea, na kufungua bolti, kile chuma cha kuingiza na kutoa risasi, huku bunduki ikiwa bado begani, nitatembea mbele yake. Hao wawili siwezi.

Hata hivyo nakubali, akishafika mahali anasimama peke yake nyuma ya wateja, atafute .416 au zaidi. Iwe bunduki ya pili, ikija baada ya mkono.

#5 MariamWaDoria

Habari zenu kaka zangu. Mzee wa Kijenge shikamoo.

Mimi ni askari wanyamapori, na naandika kwa sababu kila uzi wa namna hii unakuja na wazo kwamba teke ni habari ya ukubwa wa mwili. Nina futi tano na inchi mbili. Kwenye zamu za kufukuza tembo mashambani nilipangiwa .458, hakuna aliyeniuliza naipenda au siipendi.

Mwaka wa kwanza ilinitesa. Bega likawa la zambarau, na mbaya zaidi lilikuwa shavu, kila nikipiga mbao ya kitako inanipiga chini ya jicho. Nikadhani tatizo ni mimi. Kumbe kitako kilikuwa kirefu mno kwangu, kimetengenezwa kwa mwanamume mrefu. Ili jicho lifike kwenye lengo nilikuwa nanyoosha shingo mbele, na kitako hakikai kwenye mfuko wa bega bali kwenye mfupa wa mkono. Mwalimu wangu alinipima kwa njia rahisi: ukikunja kiwiko kama pembe mraba, kitako kikae kwenye mkunjo wa mkono, kidole cha kufyatulia kifike kwenye kifyatulio bila kujivuta. Mimi kidole kilikuwa hakifiki kwa upana wa vidole viwili. Fundi akakata mbao, akaweka mpira mnene mwishoni. Bunduki ni ile ile, risasi ni zile zile. Bega halikugeuka rangi tena.

Lingine ni kusimama. Ukiegemea nyuma kama wanavyofanya wengi, bunduki inakutupa. Weka mguu wa kushoto mbele, goti limelegea, kifua kimelala kidogo kuelekea kwa mnyama. Teke likija mwili mzima unakwenda nalo, kisha unarudi. Na msiipime bunduki mezani mmekaa! Pale mwili hauna pa kwenda na teke lote linabaki begani. Mezani piga tatu za kurekebisha darubini, halafu simama.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kaliba, mpate fundi wa kitako.

#6 KahawaNaBaruti (Kiboriloni)

Naongeza moja watu wa Kilimanjaro tusilisahau, 9.3x62. Fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock aliitengeneza mwaka 1905, ikae kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, na ikapendwa sana na walowezi wa Kijerumani huku kwetu enzi za mashamba ya kahawa. Greni 286 kwa futi 2,360 hivi. Babu yangu alibeba moja ya bwana shamba wake na mpaka anafariki alikuwa anaisifu kwamba haina teke la chuki. Najua kwa nyati haikidhi kanuni leo. Naitaja kwa sababu ndiyo inaonyesha kichwa kirefu chenye mwendo wa wastani kinazama kiasi gani.

#7 KiliSoweto

Swali wakuu. Kuna yule Bell wa Karamoja, Mskochi, inasemekana aliua tembo zaidi ya elfu na wengi wao kwa .275 Rigby, bunduki ndogo kabisa. Sasa .416 ya nini?

#8 NyayoZaAsubuhi

Mkuu, ya Bell ni ya kweli, na inaunga mkono niliyosema kuhusu mkono. Alisoma mifupa ya kichwa cha tembo mpaka akajua ubongo ulipo kwa kila pembe, na alitumia risasi ngumu zinazokwenda nyoofu. Lakini aliwapiga tembo ambao wengi wao hawakuwa na habari naye, akiwa amejichagulia nafasi. Hakuwa anamlinda mtu. Akiona pembe haifai, anaacha. Mwindaji bingwa mwenye mteja aliyeshajeruhi hawezi kuacha.

#9 UsaRiverJr

Wakuu nashukuru sana, mimi ndiye niliyeuliza. Shikamooni wazee wote, na dada Mariam nimekusoma mara tatu.

Nina maswali mawili. La kwanza, .416 Remington na .416 Rigby zinatofautianaje? La pili, nimeona bunduki moja inauzwa, .416, ina kile kipunguza teke mdomoni mwa mtutu, chenye matundu pembeni. Muuzaji anasema ukiwa nacho .416 inarudi kama .30-06. Si nitakuwa nimepata vyote viwili?

#10 NyayoZaAsubuhi

La kwanza fupi. Zote zinasukuma greni 400 kwa mwendo unaokaribiana. Rigby ina ganda nene kubwa na inafanya kazi hiyo kwa mgandamizo mdogo, kama pauni 47,000 kwa inchi mraba. Remington ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ganda lake jembamba, mgandamizo unapita 60,000. Rigby ilizaliwa enzi za baruti ya kordaiti, ambayo ilikuwa ikipata joto mgandamizo unapanda na ganda linang'ang'ania mtutuni. Waliacha nafasi kwa sababu hiyo. Faida ya Remington ni kwamba inakaa kwenye mwili wa bunduki ule ule wa .375, nyembamba na nyepesi kubeba kutwa, na mara nyingi nafuu. Mimi ningechagua Rigby kwa ajili ya joto letu, lakini sitamcheka mwenye Remington.

La pili tukae kidogo.

Muuzaji hajakudanganya kuhusu bega. Kile kidude kinapunguza teke kweli kweli. Moshi na mgandamizo ambao ungetoka mbele unatupwa pembeni kupitia matundu, na unaivuta bunduki mbele. Swali ni nani yuko pembeni.

Mwaka wangu wa saba kama mfuatilia nyayo, tulikuwa na mteja mwenye .416 ya namna hiyo. Tulimnyatia nyati kwenye mbuga yenye miti michache, nikasimika miguu mitatu, nikachutama kushoto kwake kama kawaida, kichwa changu kiko hatua moja mbele ya mkono wake, nikiwa namwonyesha dume gani. Hapo ndipo mahali pa mfuatilia nyayo, hana pengine pa kukaa. Mteja alikuwa na vizibo masikioni, tena vizuri, vya povu. Mimi hakuna aliyewahi kunipa, na nikiwa navyo nitasikiaje kwato kichakani? Alivuta. Sikusikia mlio. Niliona majani yamelala mbele yangu, kisha nikasikia filimbi ndani ya kichwa, na vidole nilivyoweka sikioni vikarudi na unyevu. Mteja alifurahi, dume alianguka kwenye hatua 40, tulimsikia akitoa ule mlio wao wa mwisho. Wenzangu walisikia. Mimi niliwaona wanatabasamu, nikajua ameshakufa.

Filimbi ile haijaisha mpaka leo. Mke wangu akiniita kutoka kushoto siitiki, wanangu wameshazoea kuzunguka upande wa kulia. Porini nimelazimika kujifunza upya kugeuza kichwa, kwa sababu sikio moja halikuambii sauti imetoka wapi, na kwenye kichaka chenye nyati hilo ndilo unalohitaji kuliko jingine lolote.

Mdogo wangu, siku moja utakuwa na kijana amechutama kushoto kwako. Teke likiwa kubwa mno kwako, punguza kaliba, au ongeza uzito wa bunduki, au kata kitako kama alivyosema dada Mariam. Usichukue teke lako ukampa yeye sikioni. Waliokwisha nunua bunduki zenye kile kidude, kipo cha kufungua kwa ufunguo. Kitumieni kwenye uwanja wa shabaha mkiwa na vizibo, na kabla ya kuingia kitaluni kifungueni, mfunike nyuzi za mtutu kwa kofia yake. Ukikifungua, piga tena shabaha, kwa sababu risasi huhama.

#11 MzeeWaKijenge

Pole sana mdogo wangu. Hili la masikio ya vijana wetu tulilinyamazia muda mrefu na mimi ni mmoja wa walionyamaza. Sijawahi kuona kampuni inampima mfuatilia nyayo masikio kabla na baada ya msimu.

Kijana, nimefikiri tangu jana. Kaa na .375. Kwa miaka miwili ya kwanza hutasimama nyuma ya mteja peke yako, bingwa wako atakuwepo na kaliba yake kubwa. Chukua yenye bolti ya kucha, ile inayokamata ganda toka linapotoka kwenye ghala la risasi mpaka linatupwa nje. Ukifungua bolti mkono ukiwa unatetemeka haikuachii risasi mbili zikabanana. Brno za zamani za Czech ni nzuri kwa hilo na zipo mikononi mwa watu hapa Arusha. Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, kuanzia moja au moja na nusu, na ifungwe mbali na jicho. Usikubali fundi akuambie sentimita tano zinatosha. Nina kovu juu ya nyusi la kunikumbusha.

#12 MariamWaDoria

Naunga mkono. Na kwa nyati, risasi ya kwanza laini ya daraja la juu, ile ambayo kichwa chake kinatanuka lakini hakisambaratiki. Zinazofuata zote ngumu, kwa sababu kuanzia ya pili utampiga akiwa amekupa mgongo au uso na unataka izame. Wa mashambani mimi natia ngumu tupu, tembo hana mahali pa risasi laini.

#13 UsaRiverJr

Nimeelewa. Nimemwambia mjomba tunaachana na ile .416. Kuna Brno ya .375 kwa mzee mmoja Njiro, anastaafu, kesho tunakwenda kuitazama pamoja na taratibu za kuihamisha. Mkuu Nyayo, naomba unifanyie kile kipimo cha ganda tupu.

#14 NyayoZaAsubuhi

Ukiipata, usiitie darubini kwanza. Mpelekee fundi apime kitako, ukiwa umevaa shati utakalovaa porini, si sweta. Fungua bolti utazame ndani ya mtutu kwenye mwanga: mistari iwe na kingo kali toka mwanzo hadi mwisho, na sehemu ya mbele ya chumba cha risasi isiwe imeliwa na kutu. Tikisa kitako huku umeshika mtutu, kusiwe na mchezo. Tazama mbao nyuma ya mkia wa bolti kama kuna ufa. Za kaliba hii zikipasuka, mara nyingi zinapasukia hapo.

Mambo ya umiliki yakikamilika nijulishe. Tutakwenda uwanjani asubuhi kabla upepo haujaamka. Beba risasi 20, maganda ya mazoezi sita, na vizibo vya masikio jozi mbili. Moja yako, moja ya atakayesimama kushoto.